Kikomo Kimeandikwa Wapi?

Kampuni ya simu inapotangaza bando la intaneti lisilo na kikomo, mnunuzi huelewa jambo moja: akishalipa, hahesabiwi tena. Hana haja ya kuzima data usiku, kuchungulia salio la MB kila saa, wala kumkataza mtoto asifungue video ya somo lake la hisabati. Analipa zaidi kuliko jirani yake mwenye bando la GB 10 kwa sababu utulivu huo ndio anaoununua. Kisha, mwezi ukiwa katikati, simu inaanza kusuasua. Picha hazifunguki, video inazunguka bila kuanza, na ujumbe wa sauti unakwama njiani. Bando halijaisha na muda wake haujapita. Ila amevuka kiasi ambacho kampuni ilikipanga tangu mwanzo na kukiandika kwenye masharti ambayo tangazo halikuyagusa, na mtambo wa kampuni umembana kasi hadi mwezi ugeuke. Utaratibu huo unaitwa sera ya matumizi ya haki, na hukutwa kwenye mabando ya simu na kwenye faiba ya nyumbani vilevile. Sipingi kampuni kuweka kikomo. Mtandao wowote una mwisho wake. Ninachopinga ni kuuza kitu chenye kikomo kwa bei na sifa ya kisicho nacho, kisha kumwachia mnunuzi agundue mwenyewe pesa ikiwa imeshatoka mfukoni.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba mteja hajanyang'anywa kitu, kwa kuwa intaneti bado ipo na hakuna GB iliyokatwa. Kilichopungua ni kasi tu. Hesabu inakataa. Chukua kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ni miongoni mwa kasi zilizozoeleka kwa wateja waliobanwa. GB moja ina kilobiti milioni 8, kwa hiyo kuipakua kwa kasi hiyo kunachukua zaidi ya saa 17. Ukurasa wa habari wenye MB 2 unafunguka baada ya dakika 2 na ushei. Mtu akiiacha simu yake ipakue usiku na mchana kwa siku 30, bila kupumzika hata sekunde moja, atapata GB 41 na nukta kadhaa, basi. Kwa kilobiti 64 atapata nusu ya hapo. Hicho ni kiasi chenye tarakimu, na mhandisi yeyote wa kampuni anaweza kukikokotoa kwa kalamu na karatasi. Anayeshusha kasi ameshusha kiasi, kwa kuwa kiasi ni kasi ikizidishwa na muda. Tena kuna huduma ambazo hazipungui taratibu kadiri kasi inavyoshuka, bali hufa kabisa. Mazungumzo ya video yanahitaji mamia ya kilobiti kwa sekunde ili yaende. Kwa 128 mwanafunzi hawezi kuhudhuria darasa la mtandaoni, hata akiwa na subira ya aina gani.

Kesi iliyoliweka jambo hili peupe kuliko nyingine ninazozijua ni ya kampuni ya AT&T ya Marekani. Mwaka 2007 iPhone ilipoingia sokoni, AT&T ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuiunganisha na mtandao wa simu nchini humo, na iliwavuta wanunuzi kwa mpango wa data usio na kikomo. Wakati ule ahadi hiyo ilikuwa rahisi kuitimiza, kwani simu zilikuwa na uwezo mdogo na mambo ya kupakua yalikuwa machache. Watu walipoanza kutazama video kwenye simu, gharama ya ahadi ikaonekana. Juni 2010 AT&T iliacha kuuza mpango huo kwa wateja wapya, lakini wale waliokuwa nao wakaruhusiwa kuendelea nao, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kutohama hata kampuni nyingine zilipoanza kuuza iPhone. Mwaka 2011 kampuni ikaanza kuwabana kasi wateja haohao waliobaki kwa ajili ya ahadi.

Oktoba 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo ndiyo inayolinda walaji nchini Marekani, iliipeleka AT&T mahakamani. Kwa mujibu wa mashtaka, wateja wasiopungua milioni 3.5 walikuwa wamebanwa zaidi ya mara milioni 25. Wengine walibanwa baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi, na kasi yao ilishushwa kwa asilimia 80 hadi 90. Mashtaka yalikuwa na mambo mawili mazito zaidi ya tarakimu hizo. La kwanza, mteja alibanwa hata kama mnara aliounganishwa nao haukuwa na msongamano wowote; kilichotazamwa ni hesabu ya matumizi yake tangu mwezi uanze. La pili, Tume ilieleza kwamba utafiti wa ndani wa kampuni yenyewe ulikuwa umeionyesha kuwa wateja wanaona kubanwa kasi kunapingana na ahadi waliyouziwa. Na mteja aliyechoka akataka kuvunja mkataba kabla ya muda wake alidaiwa faini ya kuondoka mapema.

AT&T ilipigania kwanza mamlaka ya Tume. Ilidai kwamba, kwa kuwa yenyewe ni kampuni ya simu inayosimamiwa na chombo kingine, Tume haina nguvu juu yake. Mwaka 2016 jopo la majaji 3 wa mahakama ya rufaa liliikubalia. Februari 2018 mahakama hiyohiyo, ikiwa na jopo kubwa zaidi la majaji wake, ikaugeuza uamuzi huo, na Novemba 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60 ili kesi iishe. Ukizigawa kwa wateja milioni 3.5, ni kama dola 17 kwa kila mmoja, na makubaliano yenyewe yalikuja miaka 8 tangu kubana kuanze. Nataja hesabu hii kwa sababu inaonyesha upande gani una haraka na upande gani unaweza kungoja. Lililo na uzito kuliko pesa ni sharti lililoandamana nayo: AT&T haitauza tena mpango wa aina hiyo bila kueleza vizuizi vyake waziwazi, mahali ambapo mnunuzi atavisoma.

Wala haikuwa kampuni moja iliyopotoka. Mwaka 2007 Verizon Wireless ilikubaliana na Mwanasheria Mkuu wa New York kulipa dola milioni 1 kwa wateja 13,000 iliowakatia huduma kwa madai ya kutumia kupita kiasi mpango uliotangazwa kuwa hauna kikomo. Januari 2015 TracFone, inayouza simu za malipo ya kabla, ilikubali kulipa dola milioni 40 kwa kubana kasi, na wakati mwingine kukata intaneti kabisa, baada ya GB chache tu. Oktoba 2016 ikaja zamu ya T-Mobile, katika makubaliano yenye thamani ya dola milioni 48. Kufikia Mei 2024, wanasheria wakuu wa karibu majimbo yote ya Marekani walikuwa wamezikusanya AT&T, Verizon na T-Mobile pamoja na kuzifunga kwa masharti, likiwemo hili: msiseme data haina kikomo iwapo mmeweka kiasi cha tarakimu katika mwezi wa malipo, na kama mnabana kasi, semeni. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja na nusu tangu kesi ya New York kulifikia sharti la sentensi moja.

Sasa nizitazame hoja za upande wa pili, kwa maana hazistahili kupuuzwa. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba mtandao unashirikiwa. Mnara mmoja una masafa yenye ukubwa maalumu, na watu wote walio chini yake wanagawana masafa hayohayo. Mmoja akipakua filamu mfululizo, mwenzake anayetaka kutuma pesa au kumpigia daktari anaumia. Hili ni kweli, na Afrika Mashariki tumeliona hivi karibuni. Novemba 2024 Starlink, inayotoa intaneti kwa satelaiti, ilisimamisha kuunganisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Satelaiti zenyewe, pamoja na wingi wake, zina mwisho. Lakini iangalie hoja hii inafika wapi. Inahalalisha kupunguza kasi ya mtumiaji mkubwa pale ambapo mnara umeelemewa, na kwa saa zile ulizoelemewa. Haihalalishi kumbana mtu saa 9 usiku, mnara ukiwa mtupu, eti kwa sababu alitazama mechi mbili wiki iliyopita. Kubana kwa hesabu ya mwezi hakumpi nafuu mtu mwingine yeyote wakati ambapo hakuna foleni. Humsukuma tu aliyebanwa anunue bando jingine.

Kuna tukio la Marekani ambalo kila msimamizi wa mawasiliano angepaswa kulisoma. Katika kiangazi cha 2018 moto wa Mendocino Complex uliteketeza zaidi ya ekari 450,000 za California. Kikosi cha zimamoto cha Santa Clara kilikuwa na gari la mawasiliano lililotumia intaneti ya Verizon kuratibu watu na vifaa vilivyotoka pande nyingi. Mpango wake, uliolipiwa kwa fedha za umma, ulihesabiwa kuwa hauna kikomo. Moto ukiwa unaendelea, mkuu wa kikosi alieleza kwa kiapo, kasi ya gari lile ilishushwa hadi sehemu moja ya 200 ya ilivyokuwa, au chini ya hapo, na kampuni ikawashauri wahamie mpango wa bei ya juu zaidi. Verizon ilikiri baadaye kwamba ilikosea kutoondoa kizuizi hicho wakati wa dharura. Waliobanwa pale si wapenda filamu. Kihesabu cha kampuni hakikuweza kutofautisha gari la zimamoto na mtu anayepakua michezo, kwa kuwa hakikuundwa kupima haja wala msongamano. Kiliundwa kupima GB.

Hoja ya pili inasema wanaoguswa ni wachache. T-Mobile, kwa mfano, ilitenga kundi la asilimia 3 ya wateja waliotumia zaidi kuliko wengine. Kama ni hivyo, basi kuandika kiasi hicho kwenye tangazo hakuna hasara yoyote. Asilimia 97 wangekisoma, wakaona hakiwahusu, wakanunua. Kampuni inayoona hatari katika kuchapisha tarakimu inatueleza kwamba tarakimu hiyo ina maana kwa watu wengi kuliko inavyokiri. Isitoshe, uchache wa leo haudumu. GB 2 zilizotosha kumfanya Mmarekani wa 2011 aitwe mtumiaji wa kupindukia huenda leo zisimalize hata saa moja ya filamu yenye ubora wa HD, ambayo huweza kula hadi GB 3. Kwetu kuna jambo la ziada. Simu moja yenye bando kubwa mara nyingi ndiyo mtandao wa nyumba nzima: mama anawasha hotspot, watoto wanasomea, fundi cherehani wa uani anatafuta mishono mipya, shangazi aliyekuja kutibiwa anaongea na wanawe walioko Muscat. Kwenye mtambo wa kampuni hao wote ni mteja mmoja mlafi. Kwa kweli ni familia iliyochanga pesa ili inunue kitu kimoja kinachowatosha wote, na ndiyo inayobanwa kwanza.

Wapo wanaosema masharti yaliandikwa, na asiyesoma asimlaumu mtu. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Ukienda dukani kununua kilo ya sukari, mizani iko mbele yako, na, kwa Tanzania, maofisa wa Wakala wa Vipimo hupita kuikagua wakaibandika stika. Kwenye intaneti muuzaji anashika bidhaa, anashika mizani, na ndiye anayejua mshale umefika wapi. Mnunuzi hawezi kuona GB zikipita wala kujua kama kasi imeshuka kwa kubanwa, kwa mvua, au kwa wingi wa watu mtaani. Aliye gizani kiasi hicho hana ulinzi mwingine zaidi ya maneno aliyoambiwa wakati wa kununua, na maneno hayo ni yale ya tangazo. Uingereza ililielewa hili mapema. Chombo kinachosimamia matangazo huko kiliruhusu kusema "bila kikomo" iwapo tu aliyezidisha matumizi hatozwi ada wala kukatiwa huduma, na vizuizi vyovyote vilivyobaki viwe vya kadiri. Mwaka 2013 kiliamua kwamba tangazo la Virgin Media halifai, kwa sababu kampuni ilikuwa ikiwapunguzia watumiaji wakubwa nusu ya kasi kwa saa kadhaa. Nusu ya kasi, kwa muda mfupi, ilionekana kuvuka kadiri. Linganisha na asilimia 80 hadi 90 za AT&T.

Hoja ya mwisho ni ya bei, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiyo yenye uchungu zaidi. Inasema kampuni zikibanwa na sheria zitaacha kuuza mabando haya, au zitapandisha gharama, na maskini ataumia. Hofu hiyo haikutoka hewani. Aprili 2021 kanuni mpya za vifurushi zilipoanza kutumika Tanzania, kampuni zilikuja na bei ambazo wananchi walizipigia kelele nchi nzima, hadi serikali ikazisitisha bei hizo. Lakini ninachodai hapa hakigusi gharama ya kuendesha mnara hata kwa shilingi moja. Bando lenye GB 60 za kasi kamili na kasi ndogo baada ya hapo linaweza kuuzwa kesho kwa bei ileile ya leo, likiitwa jina lake. Kinachobadilika ni ushindani. Leo kampuni inayosema kweli, "tunakupa GB 100," inashindwa sokoni na ile inayotoa 60 na kuandika kwamba hazina mwisho. Ukimya wa mdhibiti unamwadhibu mkweli, na hapo soko haliwezi kujirekebisha lenyewe, kwa sababu mnunuzi halinganishi bidhaa mbili. Analinganisha tarakimu na ndoto. Kwa faiba ni vigumu zaidi, maana majengo mengi yana kampuni moja tu iliyofikisha waya, na anayekasirika hana pa kwenda.

Uwazi unawezekana, na mifano ipo hapahapa. Safaricom ilipoweka sera ya matumizi ya haki kwenye faiba ya nyumbani mwaka 2020, wateja wengi wa Kenya walinung'unika, lakini manung'uniko hayo yalikuwa na msingi wa kujadiliwa: kiasi kilitajwa, na kila nyumba iliweza kukipima na matumizi yake. Mwaka uliotangulia, baada ya mabando yanayoisha muda kupelekwa kwenye vyombo vya sheria, kampuni hiyohiyo ilileta bando lisilo na tarehe ya mwisho. Sheria za kusimamia jambo hili nazo hazikosekani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Hakuna bunge linalohitaji kukaa upya. Kinachotakiwa ni mdhibiti aitangaze tafsiri yake, kwamba kumwambia mtu hana kikomo na huku umemwekea ni upotoshaji, hata kama kikomo hicho kimevaa sura ya kasi.

Kwa Tanzania hatua ya kuanzia iko karibu sana. Kanuni za 2021 zinaitaka kampuni imjulishe mteja matumizi ya kifurushi chake yakifika asilimia 75, na tena yakifika 100. Kwa bando la GB 10 hilo linaeleweka. Kwa bando linaloitwa halina kikomo, asilimia hizo hazina pa kushika, kwa hiyo mteja aliyelipa zaidi ndiye asiyeonywa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inaweza kuliziba pengo hilo kwa waraka mmoja, ikisema kwamba kiasi ambacho kikivukwa kasi hushuka kihesabiwe kuwa ndicho asilimia 100 ya bando. Waraka huohuo uitake menyu ya kununulia ionyeshe tarakimu 3 kabla mteja hajabonyeza kukubali: GB za kasi kamili, kasi itakayofuata baada yake, na siku itakaporejea. Zote zinaingia kwenye mstari mmoja wa ujumbe mfupi. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lina wajibu wa kupeleka madai ya aina hii kwa mdhibiti, na kila aliyewahi kubanwa akiwa na bando hai ana sababu ya kuliandikia, akiambatanisha tangazo alilolisoma siku aliyonunua na kipimo cha kasi aliyobaki nayo.